Kwa nini watoto wadogo wakicheza mpira wote wanaufuata mpira kama nyuki?

Jumamosi moja dada yangu alinipa kazi ya kumpeleka mwanae kwenye mpira, akademi moja ya watoto huku Dar. Dogo ana miaka mitano na ndo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya jezi na refa. Jezi imeshuka mpaka magotini, njumu ya kulia iko mguu wa kushoto, nikataka kumbadilishia akagoma, akasema anko ziko sawa. Nikamwacha.

Filimbi ikapulizwa. Watoto kumi na nne, makipa wote wawili wakiwemo, wakaufuata mpira kwa mkupuo mmoja. Mpira ukienda kona bumba lote linaenda kona, ukitoka nje nalo linatoka nje, wengine wanapitiliza hadi kwa muuza ubuyu. Kocha anapiga kelele "tawanyikeni jamani, tawanyikeni!" na kuna mmoja kweli alitawanyika, akaenda kukaa kwa mama yake.

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, ila nikabaki na swali, kwa sababu hii sio ya Dar peke yake. Wajapani wana jina lake kabisa, wanaita soka la dango, na dango ni vile vidonge vya unga wa mchele vinavyochomekwa kwenye kijiti vimebanana. Kwa hiyo mtoto wa Temeke na mtoto wa Osaka, hawajawahi kuonana, hawana kocha mmoja, wanacheza mfumo uleule. Kwa nini?

Jibu la wazazi wengi pale pembeni ni kwamba hawajafundishwa, mimi pia niliamini hivyo. Kumbe wakufundishe wasikufundishe, kuna kitu kichwani bado hakijakaa.

Kuna Mswisi mmoja anaitwa Jean Piaget, alikuwa na tabia ya kuwachunguza watoto wakiwa kwenye shughuli zao, na mwaka 1932 alichapisha alichokiona kwa watoto wa Geneva na Neuchâtel wakicheza gololi. Ndiyo, gololi hizihizi. Akaona wadogo, wale wa miaka miwili mpaka mitano hivi, wanaweza kukaa wawili wanacheza pamoja kabisa, ila kila mmoja anacheza mchezo wake, kwa sheria zake, na ukiwauliza nani kashinda wote wameshinda. Kushindana kwa kweli, yaani tunakubaliana sheria moja halafu mimi nijaribu kukuzidi wewe, akasema kunaanza miaka saba nane hivi. Na wakifika kumi na moja kumi na mbili ndo wanakuwa mawakili, wanabishana kuhusu sheria kuliko wanavyocheza.

Sasa rudi uwanjani. Sisi wakubwa tunaona mechi moja ya saba kwa saba. Wao wanacheza mechi kumi na nne, kila mtu na yake, bahati mbaya mpira ni mmoja. Ndo maana mtoto anamnyang'anya mpira mtu wa timu yake mwenyewe na anashangilia, kwake yule ni mtu aliyeshika mpira wake tu, jezi haimhusu.

Na pasi je? Pasi ni kitu kigumu kuliko tunavyodhani. Ili umpe mwenzako mpira lazima ujue yeye anaona nini kutokea pale alipo, halafu ukadirie atakuwa wapi sekunde mbili mbele. Huyohuyo Piaget na mwenzake Bärbel Inhelder waliwahi kuwakalisha watoto mbele ya mfano wa milima mitatu, mwanasesere akawekwa upande wa pili, wakawauliza yeye anaona nini, na wadogo wengi walichagua picha ya kile wanachokiona wao. Watafiti wa baadaye walimkosoa, wakaonyesha ukirahisisha swali hata wa miaka minne anaweza. Sawa, ila mechini nani anakurahisishia? Uangalie mpira, uangalie mguu wako, mwenzako, adui, mama anakupungia mkono, na juu kuna ndege inakwenda kutua uwanja wa ndege. Ndege ilishinda, nakwambia. Bumba zima lilisimama kuipigia kelele, mpira ukabaki peke yake katikati ya uwanja.

Kipindi cha pili ndo dogo wetu alipofunga goli. Kwetu.

Alikimbia vizuri kweli, akampita mmoja, akapiga, mpira ukaingia, akazunguka uwanja na jezi kichwani. Timu zilikuwa zimeshabadilishana magoli na kocha alishawaonyesha kwa kidole, "sasa tunafunga kule." Dogo alielewa, maana nilimuuliza kabla hajaingia akanionyesha kule kulekule. Halafu akafunga huku.

Hili nalo lina maelezo, tena mazuri. Kuna jaribio la kadi linalohusishwa sana na mwanasaikolojia Philip Zelazo. Mtoto anapewa kadi za sungura na mashua, nyekundu na bluu, anaambiwa azipange kwa rangi. Anapanga bila shida. Halafu anaambiwa sasa tunapanga kwa umbo. Wa miaka mitatu wengi wanaendelea kupanga kwa rangi, na cha ajabu ukimuuliza sheria mpya ni ipi anakutajia bila kukosea! Anaijua ila mkono unafuata ya zamani. Wakifika miaka mitano wengi wanabadilika vizuri, lakini hiyo ni mezani, kumetulia, na kadi hazikimbizwi na watu kumi na tatu. Ukimchosha mtoto na kumpa kelele za wazazi, sheria ya kipindi cha kwanza inarudi yenyewe.

Kwa hiyo kumfokea hakusaidii chochote, kinachobadilika ni uwanja. Wenzetu wameshashtuka zamani, Uingereza watoto wa chini ya miaka saba waliwekwa kucheza watano kwa watano, Marekani wakaenda mbali zaidi, wanne kwa wanne na hakuna kipa kabisa. Na hilo la kipa nawaunga mkono, kwa sababu goli la wakubwa lina urefu wa mita 2.44 kwenda juu na mita 7.32 kwa upana, wakati mtoto wa miaka mitano ana kama mita moja na kidogo. Unamweka pale wa nini, kama sio kumwadhibu? Mpira pia unapunguzwa, wanapewa namba tatu badala ya namba tano ya wakubwa.

Mtaani chandimu ilishafanya hivyo bila semina. Uwanja ni uchochoro, magoli ni mawe mawili au ndala, mpira wa makaratasi unaotosha kwenye kiganja, na mdogo anacheza na kaka zake ambao wanamwambia simama hapa usiondoke. Anaondoka, ila anaambiwa tena.

Juzi Jumamosi kocha kawagawa wanne wanne, viuwanja viwili vya koni. Bado ni nyuki, usidanganyike, ila bumba la nane sio bumba la kumi na nne, angalau kila mtoto aliugusa mpira. Dogo aliugusa mara nyingi, mara mbili kwa mkono. Wakafungwa tano moja. Kwenye bajaji nikamuuliza nani kashinda, akaniangalia kama vile nimeuliza kitu cha kijinga.

"Mimi," akasema, halafu akaulizia ubuyu wake.