Asubuhi anakimbia, jioni mguu umepinda: muulize mama kuhusu saa

Mimi ni daktari wa mfumo wa fahamu, na kuna swali nalithamini kuliko vipimo vingi: mama, mtoto akiamka anatembeaje, na jioni je? Maana kuna watoto wanaletwa wameshaandikiwa mtindio wa ubongo miaka mingi, fizio wanaenda, viatu maalumu vimenunuliwa, kumbe asubuhi huyo mtoto anakimbia vizuri tu, mchana mguu unaanza kupinda, jioni anabebwa, akilala anaamka na nafuu. Mtindio wa ubongo haufanyi hivyo jamani.

Hali hii aliielezea Dk. Masaya Segawa wa Japani mwaka 1971, ndo maana tunaiita ugonjwa wa Segawa. Mara nyingi huanza kwenye umri wa kama miaka 6, wasichana zaidi. Mwaka 1994 jeni yake ikajulikana, GCH1. Ikiwa na hitilafu, ubongo unakosa BH4 ya kutosha, yaani kemikali saidizi, na bila hiyo haugeuzi tairosini (kijenzi cha protini) kuwa levodopa, halafu dopamini, ile inayofanya mwili usogee bila kukakamaa. Sasa dopamini hata kwangu na kwako haikai kiwango kimoja saa 24, inapanda na kushuka, ila sisi tunayo ya kutosha hatuhisi. Huyu mtoto ni kama nyumba yenye bomba linalotoa maji kidogo kidogo: usiku watu wamelala tenki linajaa, mchana wakianza kuchota linaisha mapema.

Kinachoniuma ni kwamba tiba ipo! Seli zinazotengeneza dopamini hazijafa kama kwenye ugonjwa wa Parkinson, kwa hiyo levodopa ile ile ikitolewa kama dawa, dozi ndogo tu, inaruka pale palipokwama, na mara nyingi ndani ya siku au wiki chache mtoto anatembea, na inaendelea kumsaidia miaka na miaka.

Wapo ambao asubuhi na jioni hawatofautiani, kwa hiyo madaktari wenzangu, mtoto anayepinda au kukakamaa, picha ya ubongo ya MRI safi, na alizaliwa bila shida yoyote, mjaribuni levodopa kabla ya kumfungia faili.

Wazazi, dawa msinunue wenyewe. Chukueni video kwa simu, moja akiamka, moja jioni kabla hajalala, mje nazo, maana kliniki nyingi ni asubuhi na daktari anamuona mtoto wakati ule ule ambao yuko vizuri.