Kumpakata mtoto garini hakumlindi: maswali ya wazazi kuhusu kiti cha mtoto

Kiti cha mtoto cha gari ni kipi?
Ni kile kinachofungwa kwenye siti kwa mkanda wa gari au vyuma vya ISOFIX (vishikio vilivyojengwa ndani ya siti ya gari), kikiwa na mikanda yake ya kumshika mtoto mabegani na katikati ya miguu. Kibebeo kisichofungika garini hakihesabiki.

Nikimpakata vizuri, si inatosha?
Haitoshi. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kigumu, husimama kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde. Mtoto wa kilo 10 atakuchomoka mikononi kwa nguvu inayozidi uzito wa gunia la mahindi la kilo 100. Hakuna mama, baba wala dada wa kazi wa kulizuia hilo. Watoto waliopakatwa bado tunawapokea hospitalini wakiwa na majeraha ya kichwa, na kila mara tunaambiwa, "Nilikuwa nimemshika."

Na tukijifunga mkanda mmoja, mimi na yeye?
Ni hatari zaidi. Mwili wako utamkandamiza kwenye mkanda na kumwumiza tumbo na kifua. Tafadhali, acheni kabisa.

Naenda sokoni tu, hapo karibu?
Hata sokoni. Usimpakate.

Akilia anataka kunyonya njiani?
Paki mahali salama, mnyonyeshe, mcheulishe, mrudishe kitini, ndipo gari liondoke.

Aangalie mbele au nyuma?
Nyuma, angalau hadi miaka 2, au zaidi kama kiti chake kinaruhusu uzito na urefu wake. Kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Akiangalia nyuma, mgongo wa kiti hupokea kishindo. Miguu kukunjana isiwatishe, haimdhuru.

Kinafungwaje?
Kiweke siti ya nyuma. Pitisha mkanda kwenye njia iliyowekewa alama: kwenye viti vingi, bluu ni ya kuangalia nyuma, nyekundu ya kuangalia mbele. Watu wengi hukosea hapa, wanaupitisha popote unapoingia. Ukishabana kifungio, kandamiza kiti kwa mkono au goti, vuta kipande cha kiunoni kwanza, kisha cha begani. Katika baadhi ya magari, ukiuvuta mkanda wote hadi mwisho na kuuachia taratibu, hujifunga usirefuke tena. Soma kitabu cha gari lako. Sasa shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, rudia. Kinachoangalia mbele kikiwa na mkanda wa juu, ufunge kwenye kishikio chake nyuma ya siti.

Mikanda ya mtoto itokee usawa wa mabega au chini kidogo akiangalia nyuma. Usawa wa mabega au juu kidogo akiangalia mbele. Jaribu kuufinya mkanda begani: ukipata mkunjo, umelegea. Mvue sweta zito, mfunge, kisha mfunike kanga kwa juu. Msiweke mto chini yake wala blanketi mgongoni. Kwenye ajali vitu hivyo hubonyea, mikanda ikabaki imelegea.

Siti ya mbele je?
Kiti kinachoangalia nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) inayofanya kazi. Ikifumuka hukipiga kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Cha mtumba kinafaa?
Kama unajua hakijapata ajali, hakina ufa, mikanda yote ipo na tarehe ya mwisho iliyochapwa haijapita. Muuzaji asipojua historia yake, kiache.

Tumepata ajali, mtoto analia kidogo tu. Tusubiri?
Msisubiri. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akitapika, akisinzia kuliko kawaida, akipata degedege, akitokwa damu au majimaji sikioni, au mkanda ukiacha alama tumboni, ni dharura ya saa hiyo hiyo. Kumpa dawa ya maumivu na kumlaza mpaka asubuhi ndiko kunakotuletea watoto wakiwa wamechelewa.