Samani za enzi ya Malkia Victoria: pesa kidogo uzitumie wapi

Samani za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, siku hizi zinauzwa kwa bei ya kutupa. Watu hawataki tena mbao nyeusi na nzito, na kabati la droo la mahogani linaweza kutoka mnadani kwa pesa pungufu ya kabati jipya la MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa gundi. Kwa hiyo kununua si tatizo. Pesa huishia kwenye ukarabati, na kwa ninavyoona karakanani, nyingi huishia kwenye kazi ambayo haikuhitajika: kupiga msasa mpaka mbao ibaki uchi, kisha kutafuta vanishi ya kuivika upya.

Fundi wa wakati ule alitumia gundi inayofunguka kwa joto na maji, na mara nyingi polishi inayoyeyuka kwa spiriti. Alijua kazi yake itapita mikononi mwa fundi mwingine. Ukifuata vifaa vyake, utatumia pesa ndogo na kitu kitabaki na thamani yake.

Kabla ya kulipa, kipindue miguu juu. Kiti kinachochezacheza kwenye viungo kisikutishe, hiyo ni kazi rahisi. Kikimbie kilichopoteza kipande cha mchongo au kilichokatika mguu penye mviringo. Tazama matundu ya bungua, yana upana wa milimita 1 hadi 2; kama unga mpya unamwagika ukigonga, wadudu bado wamo. Kwenye kabati lenye vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri lililogandishwa juu ya mbao nyingine, gonga kwa kucha kila mahali: penye sauti ya uwazi, vinia imeachia. Na ukiwa mnadani kumbuka ada ya mnunuzi inayoongezwa juu ya bei. Mara nyingi inazidi asilimia 20, na wengi huikumbuka wakiwa wameshanyoosha mkono.

Tuje kwenye gundi. Nunua chembe za gundi ya ngozi ya wanyama. Ziloweke kwenye maji baridi hadi zivimbe, kisha weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji ya moto. Joto lisizidi nyuzi 65, maana ikichemka inapoteza nguvu. Huhitaji jiko maalumu. Chupa ya jamu na kipimajoto cha jikoni vinatosha.

Kufungua kiungo cha zamani kunataka utulivu. Mimi hutumia bomba la sindano kuingiza matone ya spiriti kwenye mwanya kati ya ulimi na tundu lake. Spiriti hunyonya maji yaliyomo kwenye gundi, gundi inakuwa kavu kama kioo, kisha pigo dogo la nyundo ya mpira linaiachanisha. Shika kitambaa mkono wa pili, kwa sababu tone moja likitiririka juu ya polishi linaacha mfereji. Baada ya hapo osha viungo kwa maji ya moto na mswaki. Mabaki madogo ya gundi ya zamani hayana shida, gundi mpya ya aina hiyohiyo itayalainisha na kushikamana nayo. Gundi nyeupe ya kisasa haina tabia hiyo. Nikikuta mtu aliwahi kuitia, naikwangua yote kwa patasi, na muda huo mteja anaulipia. Klampu nazo ni ghali, lakini tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande virefu, ikizungushwa na kuvutwa, inabana kiti vizuri sana.

Upande wa polishi, anza kwa kupima. Chukua pamba, ichovye kwenye tapentaini ufute mahali pasipoonekana. Kinachotoka ni nta na uchafu. Kisha jaribu kwa spiriti. Uso ukianza kunata, hiyo ni shelaki, polishi ya utomvu wa wadudu, na huna sababu ya kuibandua: inaweza kulainishwa na kutandazwa upya papo hapo. Usiponata, huenda ni vanishi ya mafuta. Baadhi ya vanishi bora za karne ile zilipikwa kwa sandarusi, utomvu mgumu wa miti uliochimbwa pwani ya Mrima na kusafirishwa kupitia Zanzibar, kwa hiyo mng'ao huo una jasho la watu wetu ndani yake. Uheshimu, usiuvue.

Pete nyeupe iliyoachwa na kikombe ni unyevu ulionaswa ndani ya polishi, na mara nyingi huondoka kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mno, kikipitishwa haraka. Doa jeusi limeshaingia kwenye mbao. Hilo ni gumu zaidi, na kama liko upande wa ukutani liache. Kwa uso uliofifia, changanya mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tapentaini, siki na spiriti kwa vipimo sawa, tikisa, ufute kwa kitambaa. Vitambaa hivyo vitandaze nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka, na karakana zimeungua kwa sababu hiyo.

Kwenye vinia msasa ni marufuku. Vinia nyingi za mwishoni mwa enzi hiyo ni nyembamba chini ya milimita moja, na ukitoboa umemaliza.

Viti vya springi vikikushinda, lipia mikanda mipya ya juti na gunia. Singa za farasi zilizomo zioshe, zichambue na uzirudishe, hazina mfano.

Jambo la mwisho linahusu wanaotaka kuuza. Vipande vyeupe vinavyozunguka tundu la ufunguo mara nyingi ni mfupa, ambao chini ya kioo cha kukuzia huonyesha vidoa vidogo vyeusi. Vingine ni pembe za ndovu. Tangu Juni 2022 sheria ya Uingereza inakataza kuuza kitu chenye pembe bila ruhusa. Kilichotengenezwa kabla ya Machi 1947 kikiwa na pembe chini ya asilimia 10 kinaweza kusajiliwa kwanza, kisha kikauzwa. Kama ni cha kukaa nacho nyumbani, sheria hiyo haikuzuii.