Kioo cha metali: maana yake na namna kinavyotengenezwa

Kioo cha metali ni kipande cha metali kilichosuguliwa mpaka kikaonyesha sura ya anayekitazama. Hakina bamba la kioo juu wala rangi nyuma. Mwanga unapiga metali yenyewe na kurudi. Kwa maelfu ya miaka watu wa Misri, China, India, Ugiriki na Roma walijitazama hivyo, na kwa kweli hata sisi bado tunajitazama kwenye metali, ila ya kwetu imekuwa nyembamba mno na imefichwa.

Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui. Kioo cha saluni ya Sinza au cha kabati la nguo lililotengenezwa Keko huakisi, lakini siyo kwa sababu ya bamba lake la kioo. Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga kwa kila upande, ndiyo maana dirisha la basi usiku hukuonyesha uso hafifu. Kazi yote inafanywa na utando wa fedha au alumini uliobandikwa nyuma, wenye unene wa karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kisha ukafunikwa kwa rangi. Bamba la mbele linaushikilia utando huo ubaki bapa na kuukinga usikwaruzwe.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chukua kalamu, gusisha ncha yake kwenye kioo cha chumbani. Kati ya ncha ya kalamu na ncha ya picha yake utaona nafasi ndogo. Nafasi hiyo inatokana na unene wa kioo: mwanga umepita ndani, ukafika kwenye metali iliyo nyuma, ukarudi. Kwenye kioo cha metali ncha mbili hukutana kabisa. Sasa rudia jaribio hilo kwenye saiti mira ya gari. Baadhi ya saiti mira zimepakwa kromi upande wa mbele, na hapo nafasi haipo. Dereva wa daladala la Mbagala anayechungulia kioo cha namna hiyo kabla ya kuhama njia anatazama metali moja kwa moja, kama alivyofanya Mmisri wa zama za mafarao.

Kwa nini metali? Ndani yake elektroni haziko chini ya atomu moja moja. Zinatembea huru katika kipande chote. Mwanga unapofika, elektroni hizo hutikisika na kuurudisha nje. Lakini kurudisha mwanga peke yake hakutoshi. Sufuria ya mama lishe iliyosuguliwa kwa stilwaya inameta juani, ila ukiinamia huoni uso wako, kwa sababu ile mikwaruzo inautawanya mwanga kila upande. Ili sura ionekane, mabonde na vilima vya juu ya metali lazima viwe vidogo kuliko mawimbi ya mwanga, ambayo yana urefu wa nanomita 400 hadi 700. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Fundi wa kale hakuwa na kipimo cha kumwonyesha hayo. Alikuwa na macho, vidole na muda mrefu sana wa kusugua, na alifika.

Metali nazo hazilingani. Fedha hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya mwanga tunaouona, alumini karibu 90. Shaba nyekundu humeza sehemu ya bluu na kijani, kwa hiyo uso kwenye kioo cha shaba tupu huonekana mwekundu-mwekundu. Hapo ndipo bati lilipoingia. Nazungumzia madini ya bati, kama yale yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, siyo mabati ya kuezekea. Ukichanganya shaba na bati kidogo, asilimia 10 hivi, unapata aloi ya rangi ya njano inayokubali kufuliwa kwa nyundo. Ukiongeza bati mpaka likaribie theluthi, wekundu unatoweka na aloi inakuwa nyeupe kama fedha, ngumu kiasi cha kushinda tupa. Gharama yake ni kwamba haivumilii pigo. Ikianguka sakafuni inavunjika vipande, na ikipozwa kwa haraka inapasuka yenyewe.

Siachi kufikiria jambo hili kila malori ya shaba ya Zambia na Kongo yanaposhuka kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Metali zote mbili za kioo cha kale zinapatikana upande wetu huu wa dunia, na mafundi wa kusubu alumini tunao mjini humu wanaomimina masufuria kila siku. Ningependa sana kuona mmoja wao akijaribu.

Kazi yenyewe inaanza kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia metali iliyoyeyuka. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za selsiasi, bati kwa nyuzi 232 tu, kwa hiyo shaba hutangulia motoni na bati hufuata baadaye, lisije likaungua na kupotea. Uji ukimiminwa na kupoa taratibu, bamba hutolewa na kuanza kusawazishwa kwa mchanga mkavu wa chembe kubwa, halafu chembe ndogo, halafu unga. Kila hatua inafuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia, na chembe moja kubwa ikijipenyeza kwenye unga laini, unarudi nyuma. Mwishoni hutumika kitambaa na mafuta, au lami yenye unga mwekundu wa oksidi ya chuma.

Kuna fumbo hapa ambalo mafundi walilikuta mapema. Mabamba mawili yakisuguana kwa muda, moja hubonyea na jingine hutuna. Ubapa wa kweli unahitaji mabamba matatu yanayosuguliwa kwa zamu. Vioo vingi vya kale havikuwa bapa kabisa, na wakati mwingine ilikuwa ni makusudi. Msomi wa China Shen Kuo, aliyeishi kati ya 1031 na 1095, alieleza kwamba wahenga walikifanya kioo kidogo kitune ili uso mzima uenee ndani yake. Ni kanuni ileile ya saiti mira: uso uliotuna hupunguza ukubwa wa vitu na kupanua eneo linaloonekana.

Vioo vya mwanzo kabisa tunavyovijua havikuwa vya metali. Huko Çatalhöyük, katika Uturuki ya leo, watu walisugua obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno, yapata miaka 8,000 iliyopita. Shaba ilifuata Misri na Mesopotamia. Wamisri walipenda kioo cha duara lililobanwa kidogo, chenye mpini wa umbo la mfunjo au la mungu wa kike Hathor, na walizikwa navyo. Msomaji wa Biblia anayefika Kutoka 38 na kukuta birika la shaba limetengenezwa kwa vioo vya wanawake hana haja ya kushangaa: vioo vyenyewe vilikuwa shaba, vikayeyushwa. Waroma walikuwa na vya shaba na bati, baadaye vya fedha. Katika nchi za Kiislamu za karne ya 12 na 13 mafundi walisubu vioo vya duara vyenye michoro ya wanyama na maandishi ya dua mgongoni.

China ndiko ufundi huu ulikofika mbali zaidi kwa maoni yangu. Vioo vya kwanza huko ni vya karibu miaka 4,000 iliyopita. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa nasaba ya Shang aliyezikwa Anyang karibu mwaka 1200 kabla ya Kristo, lilikuwa na vinne. Wakati wa nasaba ya Han aloi ilikuwa na bati karibu robo na risasi kidogo, na mgongo wa kioo ulijaa michoro ya joka, nyota na pande za dunia.

Baadhi ya vioo hivyo vilifanya jambo lililowasumbua watu kwa karne nyingi. Ukikishika uso kwa uso ni kioo cha kawaida, kimetulia, hakina alama. Ukikielekeza juani na kuuangusha mwanga wake ukutani, ule mchoro wa mgongoni unatokea ukutani, kana kwamba jua limepenya shaba. Shen Kuo alilichunguza jambo hili. Katika karne ya 19 Mwingereza William Ayrton na John Perry wa Ireland, waliokuwa wakifundisha Tokyo, walilieleza kwa vioo vya Japani. Kioo kimesubiwa kikiwa na unene usiolingana: penye mchoro ni kinene, pengine ni chembamba. Wakati wa kukwangua na kusugua, sehemu nyembamba hubonyea chini ya mkono, kisha huinuka na kutuna kidogo sana. Jicho halilioni tuta hilo. Mwanga wa jua unaliona: penye tuta unatawanyika, penye ubapa unarudi ukiwa umekusanyika, na ukuta unaonyesha tofauti. Mchoro haukupita ndani ya metali. Ulijiandika upya mbele kwa vilima visivyoonekana.

Ufundi huu haujafa. Katika kijiji cha Aranmula, jimbo la Kerala kusini mwa India, familia chache bado zinatengeneza kioo cha shaba na bati kwa kalibu ya udongo na kukisugua kwa mkono kwa siku kadhaa. Vipimo vya mchanganyiko hubaki ndani ya ukoo.

Baada ya kioo cha bamba kuenea, metali ilipata kazi nyingine kubwa, nayo ni darubini. Kioo kilichobonyea hukusanya mwanga wa nyota mahali pamoja, na hapo bamba lenye metali nyuma halifai kwa sababu linarudisha picha mbili. Isaac Newton alitumia aloi ya shaba na bati kwenye darubini yake ya 1668. William Herschel, mwanamuziki wa mji wa Bath nchini Uingereza, aligundua sayari Uranus mwaka 1781 kwa kioo alichokisugua mwenyewe. Mwaka huohuo alijaribu kusubu kikubwa zaidi chini ya nyumba yake, kwa kalibu ya udongo wenye samadi ya farasi. Tanuri lilivuja, uji wa metali ukatambaa kwenye sakafu ya mawe, mawe yakaanza kulipuka na kuruka, na yeye na mdogo wake Alexander wakakimbia pamoja na wasubu. Hakuacha. Wakati mmoja alisugua kioo kwa saa 16 bila kuinua mikono, na dada yake Caroline akimlisha tonge kwa tonge.

Kikubwa kuliko vyote kilisubiwa Ireland na mwanaastronomia Lord Rosse: upana mita 1.83, uzito takriban tani 3. Mwaka 1845 alikitumia kuona kwamba lile wingu la angani linaloitwa M51 lina umbo la mzunguko kama wa konokono, jambo ambalo hakuna aliyeliona kabla yake. Alitengeneza vioo viwili, kimoja kikiwa kazini na kingine kikisuguliwa upya. Sababu ni hewa. Unyevu hupausha shaba na bati, na kila unaposugua kuondoa weusi unaharibu kidogo umbo uliolipata kwa shida. Hata kikiwa kipya, kioo cha aloi hiyo hurudisha theluthi mbili tu za mwanga.

Kilichokiondoa ni kemia. Mwaka 1835 Mjerumani Justus von Liebig alionyesha namna ya kuitoa fedha kwenye mmumunyo ikajibandika juu ya kioo, na miaka ya 1850 darubini zikaanza kutumia bamba la kioo lililopakwa fedha upande wa mbele. Fedha ikififia unaiosha na kupaka nyingine. Umbo linabaki palepale. Njia hiyo iliwaokoa pia mafundi wa vioo vya nyumbani, ambao tangu karne ya 16 walikuwa wakibandika bati kwa zebaki na kuvuta sumu yake.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021, imerudi kwenye metali tupu: vipande 18 vya berili, metali nyepesi, vyenye utando wa dhahabu, kwa kuwa dhahabu huakisi vizuri mno mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Huko hakuna hewa wala unyevu.

Dar es Salaam vyote viwili vipo kwa wingi, pamoja na chumvi ya bahari. Yale madoa meusi yanayotambaa kutoka kingo za kioo cha bafuni ni ugonjwa uleule wa kioo cha Lord Rosse: utando wa fedha unaliwa kuanzia pale kioo kilipokatwa, kwa sababu ukingoni rangi ya nyuma haifunikii. Doa likishaingia halisuguliki, maana liko nyuma ya kioo. Mwambie fundi akizibe kingo kwa silikoni kabla ya kukifunga na akiache mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite, na unapokisafisha, lowanisha kitambaa badala ya kupulizia dawa juu ya kioo, isije ikachuruzika na kujikusanya ukingo wa chini.