Kimya cha bodi si jibu

Siku hizi kesi nyingi za ukimbizi Kanada husikilizwa kwa video na Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi. Unafunga kompyuta, unajikuta uko sebuleni kwako, pekupeku, na jibu hujapewa. Kabla chai haijapoa simu zimeshaanza: binamu wa Winnipeg, mama mchungaji, jirani aliyekubaliwa mwaka juzi. Kila mmoja ana tafsiri yake ya kile kimya, na tafsiri hizo huwakosesha watu usingizi kuliko bodi yenyewe.

"Wanaoshinda huambiwa palepale." Hii ndiyo inayoumiza zaidi. Ni kweli mwamuzi wa bodi anaweza kutamka uamuzi kwa mdomo kikao kinapoisha, na wapo waliokubaliwa hivyo. Wapo pia waliokataliwa palepale, na wapo waliokubaliwa kwa barua iliyokawia. Mwamuzi anayesema "nitaandika" huwa na sababu za kawaida tu: wakili ameomba muda wa kuleta hati moja zaidi, maelezo yana miaka kumi na nchi tatu ndani yake, au ukaguzi wa usalama haujarudi. Nadhani uvumi huu umetokana na kifungu cha 169 cha sheria ya uhamiaji, kinachosema anayekataliwa lazima apewe sababu kwa maandishi. Watu wakakigeuza: kila kinachoandikwa ni kukataliwa. Sheria haisemi hivyo.

"Aliniuliza sana, hakuniamini." Kikao kisipokuwa na mwakilishi wa serikali, kanuni zinataka mwamuzi ndiye aanze kuuliza, kisha wakili wako afuate. Kwa hiyo maswali mengi ni kazi yake, hayakuhusu wewe binafsi. (Sote tunamwita "jaji", lakini ni mtumishi wa umma, si jaji wa mahakama.) Ulichosema baada ya kuapa huchukuliwa kuwa kweli mpaka pawe na sababu ya kukitilia shaka. Wala hutakiwi kuthibitisha kwamba ukirudi utadhuriwa kwa hakika. Kinachopimwa ni kama hatari hiyo ina uwezekano wa kweli.

Jambo la kukagua ni tafsiri. Wewe ulisema waliingia nyumbani saa mbili usiku, mkalimani akaipeleka neno kwa neno, na kwenye rekodi ikawa "two at night", yaani saa nane usiku. Fomu uliyojaza ya kuomba ukimbizi inasema kitu kingine. Ukikumbuka kosa la namna hiyo baada ya kikao, mwambie wakili siku hiyohiyo. Ukilinyamazia ukaja kulitoa baada ya kukataliwa, utaulizwa kwa nini hukusema mapema.

"Ukishasikilizwa, mlango umefungwa." Haujafungwa. Kanuni ya 43 ya Kitengo cha Ulinzi wa Wakimbizi, sehemu ya bodi inayosikiliza kesi hizi, inaruhusu kuomba kuwasilisha hati baada ya kikao, mradi uamuzi haujaanza kutumika. Chukua mfano wa mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, aliyesikilizwa Desemba 2024, akaulizwa kwa nini asihamie Bukavu. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, na Februari wakaingia Bukavu. Lile swali limeshabadilika sura, na kukaa kimya ukitumaini mwamuzi anasoma magazeti ni kubahatisha.

Lakini hati haitupwi tu kwenye barua pepe ya bodi. Ombi huandikwa, hati huambatanishwa, na iliyoandikwa kwa Kiswahili au Kirundi hutafsiriwa kwa Kiingereza au Kifaransa pamoja na tamko la mfasiri. Mwamuzi ataangalia kama inahusika, kama inaleta jambo jipya, na kama ungeweza kuileta mapema. Picha ya hati ya wito wa polisi iliyotumwa na shemeji kwa WhatsApp inaweza kusaidia. Ila hifadhi ujumbe wenyewe wenye tarehe, na mwambie shemeji asiitupe karatasi halisi.

"Nikihama nyumba, wataniona kwenye kompyuta." Hapana. Anwani mpya inapelekwa kwa bodi, na inapelekwa pia kwa idara ya uhamiaji au wakala wa mipaka anayeshughulikia faili lako. Kuiambia ofisi moja si kuziambia zote. Wakili naye aambiwe.

"Kuna mtu anaweza kuisukuma." Huyo ni kishoka. Mwamuzi hasukumwi na mtu wa kando, na kukuwakilisha kwa malipo kunaruhusiwa kwa mawakili na washauri wa uhamiaji wenye leseni tu, pamoja na aina chache za wanasheria katika baadhi ya majimbo.

Wakati huohuo maisha hayasimami: kibali cha kazi ambacho hakijaisha kinaendelea kufanya kazi, watoto wanaendelea na shule. Kibali kikikaribia kuisha, omba kipya mapema.

"Wakikukataa, kesho yake wanakuja kukuchukua." Wengi wana haki ya kukata rufaa kwenye Kitengo cha Rufaa za Wakimbizi, kilichoanza kazi Desemba 2012, na rufaa ikiwa inaendelea hawaondolewi. Notisi ya rufaa inatakiwa ndani ya siku 15 tangu upokee sababu za maandishi. Siku hizo ni chache mno kwa mtu anayeanza kutafuta wakili baada ya kufungua bahasha. Wasio na rufaa hiyo wapo, kwa mfano baadhi ya walioruhusiwa kuingia kwa barabara kutoka Marekani kwa sababu wana ndugu Kanada. Hao njia yao ni Mahakama ya Shirikisho, na kinga yao dhidi ya kuondolewa ni ndogo zaidi. Muulize wakili uko kundi gani sasa hivi, wakati bado unasubiri.

"Ukikubaliwa, umemaliza." Serikali nayo inaweza kukata rufaa. Ukaazi wa kudumu unaombwa kwa fomu nyingine, na humo ndimo unamowaandika mke au mume na watoto waliobaki nyumbani. Usimwache mtoto nje ya orodha. Halafu kuna safari. Mtu anakubaliwa, anapata ukaazi, baba anafariki, anachukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia na kupanda ndege kwenda kuzika. Tangu Desemba 2012 safari ya namna hiyo inaweza kuipa serikali sababu ya kuomba ukimbizi wake ukomeshwe, na ukaazi wa kudumu ukaondoka nao.