Watano bila mshika fimbo

Kila tukimaliza kupiga, swali la kwanza huwa lile lile. Juzi kaniuliza mzee mmoja kwenye kivuko cha Kitunda, aliyetusikia jioni iliyotangulia: "Sasa mwanangu, pale mkubwa wenu nani?" Nikamjibu hatuna mkubwa. Hakuridhika, na mimi sikupata nafasi ya kumweleza vizuri maana kivuko kilikuwa kimefika. Namweleza hapa.

Tuko watano, kila mmoja na ala yake ya kupuliza: fluti, oboe, klarineti, basuni na horni. Mimi napiga klarineti. Tunafanyia mazoezi Lindi mjini, barazani, na wawili kati yetu wanatoka Mtwara, zaidi ya kilomita 100 za barabara kwa ajili ya saa mbili za kupuliza. Huku tumezoea kwaya na bendi za tarumbeta, ambako watu hata wanane hushika mstari mmoja wa muziki; ukiteleza, wenzako wanakubeba. Kwenye kundi la watano kila mstari una mtu mmoja. Ukinyamaza pasipotakiwa, panabaki shimo, na kila mtu barazani analisikia.

Tunaanzaje bila kiongozi wa kupunga fimbo mbele yetu? Kwa pumzi. Mwenye tuni huvuta hewa, kichwa kikiinuka kidogo, na mwendo wa pumzi ile ndio mwendo wa wimbo. Pumzi fupi ya haraka, wimbo wa haraka. Pumzi ndefu, tulia. Uongozi wenyewe unahama kama kata ya maji: tuni ikiwa kwa fluti, sisi wanne tunaitikia, ikidondokea kwa basuni, fluti naye anarudi kuwa mwitikiaji. Aliyekulia kwenye ngoma anaelewa kuitikia. Linalowashinda wanafunzi wangu wengi ni kupokea. Fluti anakuachia sauti nyembamba, ya taratibu, nawe unatakiwa uichukue kwa unene ule ule na mwendo ule ule, msikilizaji asijue ilipokatika. Nimeona wapigaji hodari sana wa peke yao wakishindwa hapo, kwa sababu wanapokea kwa sauti yao badala ya sauti waliyopewa.

Halafu kuna kulingana sauti, na hapa ndipo jasho linapotutoka. Oboe hutoa noti ya A, mitetemo 440 kwa sekunde, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nafasi ndogo kabisa ya kujirekebisha; wengine tunamfuata. Ila joto la kwetu halimsubiri mtu. Kwenye nyuzijoto 20 sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewani. Zikifika 30, ni kama mita 349. Hewa ndani ya ala ikipata moto, noti zote zinapanda. Ndiyo maana tukilingana saa kumi alasiri, jua likizama na upepo wa bahari ukiingia tunalingana upya. Joto likizidi, mimi huchomoa kidogo kile kipande kifupi kilicho chini ya mdomo wa klarineti, bomba lirefuke na sauti ishuke.

Na kuna ugomvi wa kimya kati ya fluti na klarineti ambao haukwishi. Fluti akipuliza kwa nguvu, sauti yake huelekea kupanda. Klarineti akipuliza kwa nguvu, yake huelekea kushuka. Sasa fikiria wimbo unapokua, wote wawili tukiongeza nguvu kwenye noti moja: tunaachana, mmoja juu mwingine chini, pale pale ambapo msikilizaji anataka tuwe kitu kimoja. Dawa yake ni midomo na sikio. Yeye analegeza, mimi nakaza, na tunajua wakati wa kufanya hivyo kwa sababu tumekaa tukitazamana. Horni ana taabu yake: mdomo mpana wa ala, unakotokea sauti, unaelekea nyuma, sauti inagonga ukuta kwanza ndipo itufikie, kwa hiyo hujifunza kupiga mapema kidogo sana kuliko anavyosikia.

Jambo ambalo ningependa kila mtu wa Lindi alijue: oboe na klarineti hutengenezwa kwa mpingo. Mti huu wa Kilwa, Liwale na Nachingwea, mzito hadi unazama majini, unakaa miaka 70 hadi 100 kabla ya kuvunwa, na gogo likipasuliwa ni sehemu ndogo tu inayofaa ala. Mwaka 2009 misitu ya vijiji huko Kilwa ilipata cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, vijiji vikaanza kuuza mpingo wao wenyewe. Klarineti yangu ilitengenezwa Ufaransa. Ilipopasuka, ndani ya ukumbi mmoja wenye kiyoyozi kikali, pumzi yangu ikiwa ya moto ndani na hewa baridi nje, aliyeiponya alikuwa mchongaji wa Kimakonde mjini Mtwara. Aliuziba ufa kwa unga wa mpingo na supaglu, akausugua mpaka ukapotea. Aliujua ule mti kuliko mimi ninayeupuliza kila siku.

Sasa hivi tunajifunza kwinteti, yaani muziki wa wapigaji watano, ya mtunzi Carl Nielsen wa Denmark, ya mwaka 1922. Aliwaandikia wapigaji watano wa Copenhagen aliowafahamu, akiwa na tabia zao kichwani. Sehemu ya mwisho, baada ya utangulizi, inaleta wimbo wa kanisa alioutunga mwenyewe, kisha unageuzwa na kugeuzwa: kuna mahali wote wanasema kwa pamoja, mahali basuni anaachwa peke yake, mahali horni anaachwa peke yake. Alikusudia kumwandikia kila mmoja wao konseto yake, muziki ambao ala moja hutangulia na okestra huitikia. Ya fluti aliimaliza 1926, ya klarineti 1928. Mwaka 1931 akafariki, watatu hawajafikiwa.

Kama una wenzako wawili watatu wenye ala za kupuliza, jaribuni hivi. Chagueni wimbo wa kanisa mnaoujua kwa moyo, geuzeni viti mpeane migongo, msionane. Mmoja avute pumzi kwa sauti ya kusikika, wote muingie. Sisi ilituchukua jioni tatu kuingia pamoja.