Njia za Kiroho Ndani ya Yoga: Mkeka ni Sehemu Ndogo Tu

Siku hizi ukitaja yoga, watu wengi hufikiria mkeka na viungo vilivyonyooshwa. Lakini katika Yoga Sutra za Patanjali, mwalimu wa kale wa India, mkusanyiko wa kauli 196 fupi fupi, mkao wa mwili una kauli tatu tu, na sharti lake ni kwamba uwe imara na wa raha. Neno yoga lenyewe lina asili moja na neno la Kisanskriti la nira, ule mti unaowafunga ng'ombe wawili walime pamoja. Kinachotafutwa ni kuifunga nafsi iliyotawanyika mpaka ivute upande mmoja.

Wahindu hutaja njia nne: karma, bhakti, jnana na raja. Mpangilio huu wa nne ulienezwa sana na mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda miaka ya 1890, ingawa mafundisho yenyewe ni ya kale zaidi, na tatu za kwanza zimeelezwa wazi katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Kila njia ina kifaa chake: kazi, mapenzi, hoja, au utulivu wa akili.

Karma ni njia ya kazi. Katika Gita, shujaa Arjuna anaishiwa nguvu kwenye uwanja wa vita wa Kurukshetra, upinde unamponyoka mkononi, na Krishna, Mungu katika umbo la mtu, anamwambia kwamba haki yake ni kutenda, si kudai matunda ya kitendo. Wengi huishia hapo. Aya hiyohiyo, ya 47 katika sura ya pili, inaendelea kumkataza asing'ang'anie kutotenda. Kwa hiyo anayelipua kazi kwa kisingizio kwamba matokeo si yake ameikosa njia. Mazoezi yake ni mepesi kuyaeleza, magumu kuyafanya: chagua kazi moja ya kila siku ambayo hakuna atakayekushukuru, kama kufagia ua wa jirani mgonjwa, ifanye kwa ukamilifu, kisha usiitaje kwa mtu. Ukijikuta unasubiri asante, hapo ndipo pa kufanyia kazi.

Jnana, ambayo Wahindi wengi huitamka gyana, ni njia ya kupambanua lisilobadilika na linalopita. Ina hatua tatu: kusikiliza mafundisho kwa mwalimu, kuyachambua mpaka shaka iishe, na kuzama ndani yake kwa muda mrefu. Gita yenyewe, katika sura ya 12, inakiri kwamba kumwelekea asiye na umbo ni kugumu zaidi kwa mwenye mwili. Kosa la kawaida ni kuruka hatua ya pili. Mtu hukariri "mimi si mwili huu", halafu akaigeuza kauli hiyo kichaka cha kukwepa wajibu wa nyumbani.

Bhakti ndiyo iliyo hai zaidi mitaani, na msomaji wa Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuisikia kutoka kwenye mahekalu ya Wahindu: kengele, taa, nyimbo za kuitikiana. Hapa Mungu hupendwa kama bwana, rafiki, mtoto au mpenzi. Zoezi lake kuu ni japa, yaani kulirudia jina la Mungu kwa kuhesabu shanga, jambo ambalo mwenye kuvuta uradi kwa tasbihi atalitambua mara moja, ingawa anayeitwa na itikadi ni tofauti. Mala, yaani uzi huo wa shanga, ina shanga 108 na moja ya ziada iitwayo meru. Waabudu wa Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, hupenda shanga za mti wa tulsi, ndugu wa mrehani wetu. Shanga hulazwa juu ya kidole cha kati na kuvutwa kwa kidole gumba, moja kwa kila jina, na kidole cha shahada hakigusi. Ukifika kwenye meru huivuki. Unaigeuza mala na kurudi ulikotoka. Kinachoharibu japa ni haraka. Maneno humezwa, hesabu inatimia, moyo haukuwepo. Afadhali duru moja inayosikika sikioni mwako kuliko kumi za kukimbizana.

Raja ni njia ya Patanjali yenye viungo vinane, na mpangilio wake una maana. Vinaanza na makatazo (kudhuru, uongo, wizi, uzinifu, uroho), kisha nidhamu binafsi, mkao, pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kukaza fikra, kutafakari, na mwisho samadhi, kuzama kabisa. Anayeanzia kwenye kutafakari huku amemdhulumu mtu asubuhi atakaa na dhuluma hiyo.

Kuhusu kukaa, kunja blanketi mpaka lifike kimo cha sentimita 10 hivi, ulikalie kwa ukingo wake ili magoti yashuke chini ya nyonga. Bila hivyo kiuno hurudi nyuma, mgongo unapinda, na baada ya dakika tano mtu anatafakari maumivu. Usilazimishe mkao wa yungiyungi: nyonga ikikataa kuzunguka, goti ndilo linalosokotwa na kuumia. Kiti kinafaa. Kwa pumzi, vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, mara kumi, bila kubana. Wanaokimbilia pumzi za kasi hupata kizunguzungu na ganzi ya vidole, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi hupungua mno mwilini na mishipa ya ubongo hubana. Mwenye shinikizo la juu la damu na mjamzito wasibane pumzi kamwe.

Jina raja yoga hutumiwa pia na Brahma Kumaris, jumuiya ya kiroho yenye asili ya India, kwa tafakuri yao ya macho wazi, isiyopita kwenye viungo vinane; basi uliza ni ipi inayofundishwa.

Waislamu na Wakristo huuliza kama yoga ni ibada. Njia hizi nne, kwa asili yake, ni za kidini, na si haki kulificha hilo. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwazuia Waislamu yoga yenye mambo ya ibada na maneno ya kuimba. Anayetaka mazoezi ya viungo tu amwombe mwalimu, kabla ya kulipa ada, amtajie kila mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwa, itakayosomwa na jina la nani limo ndani yake.